Naomba ushauri: "ignorant", "illiterate" na "uneducated" yanatofautianaje?

Katibu wa Likoni

Assalamu aleikum. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza samaki hapa Likoni, na nimepewa kazi ya kuandika barua ya Kiingereza ya kuomba ufadhili wa darasa la kisomo cha watu wazima. Niliandika kwamba wengi wa wanachama wetu ni "ignorant", nikikusudia kuwa hawajui kusoma wala kuandika, na binamu yangu alipoisoma akaniambia nimewatukana mama zangu. Kamusi inanipa pia "illiterate" na "uneducated", kwa fasiri zinazokaribiana mno. Nitumie lipi bila kuwavunjia heshima?

Mwalimu Mstaafu

Waaleikum salaam, mwanangu. Binamu yako amesema kweli, ingawa kosa lako lina asili yake katika Kiswahili chetu, kwa sababu neno "ujinga" tumelitwika mizigo miwili: tangu uhuru wa mwaka 1963 tumehimizwa kupambana na ujinga, maradhi na umaskini, na kumfundisha mtu mzima kusoma tukakuita kufuta ujinga, hata asiyejua herufi akahesabiwa kuwa mjinga.

"Illiterate" limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya herufi, nalo humhusu asiyejua kusoma na kuandika. "Ignorant" limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kutojua, na laweza kumhusu hata profesa, maadamu litajwe jambo asilolijua. Mimi, kwa mfano, sijui lolote kuhusu misimu ya samaki ambayo mama zako wanaijua vyema. Likiachwa peke yake huwa tusi, na baadhi ya Waingereza hulitumia kwa maana ya mtu asiye na adabu. "Uneducated" ni asiyepata elimu, hasa ya shule, lakini nalo husikika kama dharau ukimwambia mtu usoni.

Mjukuu wa Mji wa Kale

Naafikiana na Mwalimu, ila nisingekimbilia "illiterate" kabla ya kuwauliza wenyewe. Marehemu bibi yangu hakuingia shule hata siku moja, lakini alisoma chuoni, yaani madrasa, akawa anaandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watunzi wa tenzi wa pwani hii kabla ya herufi za Kilatini kuenea. Mwaka 1958 UNESCO ilimweleza ajuaye kusoma kuwa ni yule awezaye kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na mepesi ya maisha yake ya kila siku, na haikusema kwa herufi zipi. Bibi yangu alikuwa "unschooled", yaani hakupitia shule. "Illiterate" hakuwa kamwe.

Mkaazi wa Kongowea

Na usiongeze "innumerate", neno la asiyejua hesabu. Muuza samaki hukokotoa faida kichwani kabla mnunuzi hajafungua pochi.

Katibu wa Likoni

Shukrani, Mwalimu, na nyote. Nimewauliza jana jioni, na wanane kati yao husoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Sasa nimeandika: "Most of our members never had the chance to go to school. Some read and write Swahili in Arabic script. All wish to learn Roman letters." Binamu ameisoma, akaniambia niipeleke.