Mjadala: Mafuriko ya Msimbazi tupambane nayo Jangwani tu, au tuanzie Pugu?

Wakuu, salaam.

Kila masika Mto Msimbazi ukifurika na Jangwani, hapa Dar es Salaam, ikijaa maji ni yale yale: mabasi ya mwendokasi yamesitisha safari, Barabara ya Morogoro imefungwa, mto uchimbwe kina. Sasa tuna mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022: daraja jipya, kupanua mto, bustani ya jiji. Daraja nalikubali kwa mikono miwili. Ila huku juu mto unakoanzia kukiachwa kulivyo, tope litajaa tena na mitambo itarudi kuchimba kila mwaka.

Maji yale yanatoka vilima vya Pugu, yanashuka Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo. Mvua ikinyesha msituni, majani yanaipokea na udongo unainywa, maji yanafika mtoni polepole. Ikinyesha juu ya mabati na pevingi, mitaro yote inamwaga kwa mpigo. Na kingo zinazochimbwa mchanga hazina mizizi ya kuzishika. Zinaporomoka, mchanga unasafiri hadi Jangwani, maji yanapunguza mwendo, unatua hapo.

Kwa hiyo nataka fedha ziende juu pia. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilindwe dhidi ya wachoma mkaa. Kingo zipandwe matete na mianzi, mashimo ya mchanga yageuzwe mabwawa ya kupokea mvua. Zile mita 60 kutoka mtoni ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujengwa zisimamiwe msingi unapochimbwa, si kusubiri nyumba iishe ndipo ipigwe X nyekundu ya kubomolewa kama mwishoni mwa 2015. Uliniuma sana ubomoaji ule.

Mchangiaji wa Kigogo: Kaka, Desemba 2011 walikufa watu kama 40 hapa Dar. Mianzi ingezuia yale maji? Mti unachukua miaka kukua, sisi masika hii tunapandisha magodoro juu ya kabati. Tujengewe ukuta, au tulipwe vizuri tuhame.

Dada yangu, poleni sana, na kwa hilo una haki. Mvua ya 2011 ilikuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Udongo ukishashiba, hakuna msitu wa kuimeza. Kwa mvua kama ile kuhama kunatangulia, tena kwa fidia ya kweli na mahali penye riziki. Waliohamishiwa Mabwepande, nje ya mji, baada ya mafuriko yale wapo waliorudi bondeni kwa sababu kazi zao zilibaki mjini. Ukuta siuafiki: ukiwakinga ninyi, maji yanamwendea wa ng'ambo. Lakini Jangwani haifungwi na mvua za aina ya 2011 peke yake. Hata mvua za kawaida zinaifunga, na hizo tunaweza kuzipunguza kasi huku juu.

Kigumu ninachokiona ni hiki: mto unaanzia Kisarawe, mkoa wa Pwani, hasara iko Dar. Mwenye kiwanja juu akiambiwa asijenge, aache maji yatuame ili wa Kigogo asalimike, nani amlipe? Mimi napendekeza itengwe sehemu ya kodi ya majengo tunayokatwa tukinunua umeme wa LUKU, alipwe kila mwaka. Wenye viwanja Kinyerezi na Kisarawe, mngekubali?