ATM imenikata hela bila kutoa noti, benki mbili zinarushiana mpira

Wakuu, naombeni ushauri. Kadi yangu ni ya benki A, nikaitumia kwenye ATM ya benki B pale Kariakoo kutoa 400,000. Mashine ikanguruma weee, noti hazikutoka, risiti hamna, ila meseji ya makato ikaingia fasta (hiyo huwa haichelewi).

Benki yangu wamenijazisha fomu ya malalamiko, wakasema nisubiri wawasiliane na wenye mashine. Wenye mashine nao wananirudisha kwa benki yangu. Nikipiga huduma kwa wateja ni muziki tu mpaka vocha inaisha. Dada wa kaunta mstaarabu kweli, ila jibu hana.

Najua Benki Kuu ina dawati la malalamiko, na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Ninavyoelewa, lazima uanze na benki yako kwanza. Aliyewahi kupita huko anisaidie: wanataka barua ya majibu kutoka benki, au fomu inatosha? Maana fomu wamebaki nayo, mimi nina picha yake kwenye simu. Na mwenye fremu anataka kodi yake wiki hii.