Nilihojiwa zaidi ya saa nzima kuhusu ushabiki wa furi, zikarushwa sekunde chache za mimi kuvaa kichwa cha fisi

Ndugu wanajukwaa, naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Mimi ni mchoraji, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Sehemu kubwa ya kipato changu inatoka kwa wateja wa nje wanaojiita furi, yaani watu wanaopenda wahusika wanyama wanaosema, kutembea na kuvaa kama binadamu. Kila mmoja hujibunia mhusika wake, na wengi hutulipa wachoraji tuwachoree. Wenye vazi kamili la manyoya ni wachache, kwa kuwa vazi moja hufika maelfu ya dola. Mimi nimejishonea kichwa tu, cha fisi: sponji ya godoro kuukuu, manyoya ya koti la mtumba nililolipata Sabasaba, na macho ya wavu wa mbu niliopaka rangi ili mvaaji aone nje bila yeye kuonekana.

Mwezi uliopita alikuja mwandishi wa televisheni moja ya mtandaoni pamoja na mpigapicha wake. Niliwaandalia chai, nikawaeleza kwa utulivu jinsi ushabiki huu ulivyojengeka Marekani miaka ya 1980 miongoni mwa wapenzi wa vibonzo na hadithi za kisayansi, hadi wakafanya kongamano lao wenyewe California mwaka 1989. Sikuficha hata kwamba wapo watu wazima wanaochora mambo ya kikubwa. Mwisho aliniomba nivae kichwa mara moja tu, kwa ajili ya picha. Kilichorushwa ni hicho, kikiwa kimewekewa muziki wa kutisha, na kichwa cha habari kikiuliza kama vijana wa Dodoma wameanza kujigeuza fisi.

Aliyekulia Kanda ya Kati hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Bibi zetu walitusimulia habari za wachawi wanaopanda fisi usiku, na katika nchi hii wazee wameuawa kwa kushukiwa tu. Kesho yake asubuhi mama mwenye nyumba aligonga mlango, akabaki amesimama kizingitini, akaniambia, "Mwanangu, mimi nakufahamu, lakini majirani wanauliza humo chumbani unafuga nini." Wazazi wawili wamewaondoa watoto wao niliokuwa nawafundisha kuchora siku za Jumamosi.

Isitoshe, mtangazaji aliongeza kwamba shule za Marekani zimewawekea wanafunzi wa namna hii masanduku ya mchanga wajisaidie kama paka. Ni uongo. Madai hayo yalisikika Desemba 2021 katika kikao cha bodi ya shule huko Midland, Michigan, na mwezi uliofuata mkuu wa shule za wilaya hiyo akawaandikia wazazi kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Wanasiasa waliendelea kulirudia mwaka mzima wa 2022, na sasa limefika kwetu likisomwa kama habari, ilhali dakika tano za kutafuta zingetosha kulikanusha.

Linaloniuma kuliko yote ni la Desemba 2014. Gesi ya klorini ilisambaa katika hoteli iliyokuwa na kongamano la furi huko Rosemont, karibu na Chicago, na watu 19 wakapelekwa hospitali. Habari hiyo iliposomwa katika kituo cha MSNBC, mtangazaji mmoja aliangua kicheko hadi akaondoka mezani. Watu wamevuta sumu, na aliyepaswa kuwahabarisha wengine anacheka kwa sababu ya mavazi yao! Mwandishi wangu alilijua tukio hilo, maana nililisimulia kwa kirefu, naye akalikata lote.

Vyombo hivihivi huwarushia watoto hadithi za Sungura na Fisi, na siku ya mechi huwaonyesha kwa furaha mashabiki waliovaa vinyago vya simba. Tofauti yao na mimi ni ipi, hata mimi nihusishwe na uchawi?

Nimemwandikia mhariri mara mbili bila kujibiwa, na wiki ijayo napeleka malalamiko Baraza la Habari Tanzania. Wamekwishabadilisha kichwa cha habari kimyakimya. Aliyeihifadhi video ile ikiwa na kichwa cha kwanza, namwomba aiweke hapa, kwa kuwa ndicho kielelezo nilichopungukiwa.