Shambulio la kemikali: nani aongoze, polisi, zimamoto au hospitali?

Muuguzi_Pwani:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi wa mapokezi ya dharura, Mombasa. Tunaandaa zoezi la pamoja na zimamoto, polisi na watu wa ambulensi: tuseme magaidi wamemwaga kemikali kwenye umati. Kikao cha kwanza kimeishia kwenye ubishi wa nani atakuwa mkubwa wa eneo. Sisi wa hospitali tukaambiwa tutulie, wagonjwa wataletwa wakiwa wameshasafishwa. Moyo wangu unakataa. Jambo hili limewahi kutokea wapi, na hospitali zilifanyaje?

Zimamoto_Mstaafu:
Mwanangu, moyo wako haukudanganyi. Tazama Tokyo, 20 Machi 1995. Watu wa Aum Shinrikyo, kundi la kidini la huko Japani, walitoboa mifuko ya sarini, sumu inayoshambulia neva, ndani ya treni tano za chini ya ardhi, asubuhi watu wakienda kazini. Wengi hawakungoja ambulensi. Walikwenda wenyewe, kwa miguu, kwa teksi, kwa gari lolote lililowabeba. Hospitali ya St. Luke's peke yake ilipokea 640 siku ile, na hakukuwa na utaratibu wa kuwavua nguo na kuwaosha mlangoni. Walilazwa hadi ndani ya kanisa la hospitali, hewa haipiti vizuri, nguo zinatoa mvuke wa sumu. Karibu robo ya wafanyakazi waliohojiwa baadaye walisema nao walipata dalili. Kwa wenzangu wa zimamoto, 135 kati ya 1,364 waliathirika.

Sasa mawasiliano. Taarifa za kwanza zilitaja kemikali nyingine kabisa, asetonitrili. Tukio lilianza yapata saa mbili asubuhi. Polisi wakathibitisha sarini karibu saa tano, na hospitali zikaipata habari kwenye televisheni! Msaada wa mapema ulitoka kwa daktari wa upande wa Matsumoto, mji mwingine wa Japani, walikotibu majeruhi wa sarini mwaka 1994. Alizitambua dalili akawasiliana na Tokyo.

Mkubwa wa eneo lazima awepo, lakini wekeni mwakilishi wa kila idara akae kituo kimoja, upande upepo unakotoka, na mmoja wao kazi yake iwe kuongea na mapokezi yenu tu. Nanyi mlangoni muwe na bomba la maji, mapazia na mifuko ya nguo. Kuvua nguo peke yake kunaondoa sehemu kubwa ya sumu.

Tabibu_wa_Shamba:
Muuguzi, sarini ni ukoo mmoja na baadhi ya dawa za kunyunyizia mimea. Huku kwetu tunawapokea waliozinywa: mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, mate yanamtoka, misuli inachezacheza. Atropini, dawa ya kupinga sumu hii, tunaijua. Kinachoua ni uhaba wa akiba, maana mgonjwa mmoja mahututi anaweza kumaliza ampuli (vichupa vya dawa ya sindano) nyingi sana. Ulizeni stoo ina ngapi, na usiku ufunguo unalala kwa nani.

Muuguzi_Pwani:
Shikamoo mzee, na asante daktari. Nitaomba zoezi lianze na wagonjwa wanaoshuka kwenye tuktuk na matatu kabla hatujapigiwa simu yoyote. Je, askari wetu wa getini afanye nini?

Zimamoto_Mstaafu:
Marahaba. Asimguse mtu. Asimame mbali, apewe kipaza sauti, awaelekeze penye maji. Anayejiweza ajivue mwenyewe. Anayeosha wasiojiweza avae suti kamili na barakoa ya gesi, glavu zenu za wodini hazitoshi. Mifuko ya nguo ifungwe, iandikwe jina na saa, ibaki nje: polisi wataitaka kama ushahidi.