Ubia wa parachichi kijijini Njombe: tujiunge au tubaki na viazi?

Mleta uzi
Wakuu, heshima kwenu. Niko Njombe vijijini. Kwenye mkutano wa kijiji walikuja watu wa kampuni pamoja na maofisa wa halmashauri, wakasema ni mradi wa ubia. Kampuni inakopesha miche ya parachichi aina ya Hass na kujenga kituo cha kupokelea matunda. Halmashauri inachonga barabara na kuleta bwana shamba. Vijana tumeahidiwa ajira. Mzee anataka tuingize eka nzima, na ndiyo hiyohiyo ya viazi. Mche wa kubebesha unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Hapo katikati tunakula nini?

Mnyalukolo
Mkuu, umeuona mkataba? Sheria ya ubia kati ya serikali na kampuni binafsi ipo tangu 2010, na mwaka huohuo SAGCOT, ule mpango wa kukuza kilimo ukanda wa kusini, ikazinduliwa, basi kila anayekuja na miche anasema ubia. Mara nyingi kinachofika kijijini ni kilimo cha mkataba, wewe na kampuni. Halmashauri kukaa meza kuu hakuifanyi mdhamini wa bei. Bei ikiporomoka, deni la miche linalipwaje? Na matunda watakayoyakataa, unaruhusiwa kumuuzia dalali au yaoze?

Binti Tukuyu
Kwetu Rungwe wakulima wadogo wa chai wana chama chao na wana hisa kwenye kampuni inayosindika majani yao. Sisemi hawalalamiki, bei ya majani wanailalamikia kila siku, ila angalau wana mtu kwenye kikao. Nyie mtakuwa na nani? Kuhusu ajira, kaka, kupanga na kufungasha ni kibarua cha msimu. Matunda yakiisha, kila mtu kwao. Usiache shamba kwa ajili hiyo.

Kijiwe cha Makambako
Mzee keshaamua, wewe unatafuta mashahidi 😂

Bwana Shamba Mstaafu
Hakuna aliyegusa udongo. Shamba lililolimwa viazi au nyanya miaka mingi linaweza kuwa na ukungu wa mnyauko, na ukungu huo unashambulia mparachichi pia. Kwa hiyo msipande viazi katikati ya mistari kama wengi wanavyofanya, wekeni maharage. Anzeni na nusu eka, ile iliyopumzika viazi muda mrefu zaidi. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 inakaa miti kama 40. Nusu iliyobaki endeleeni na viazi, ndiyo ada ya watoto. Maji je? Kiangazi cha mwaka wa kwanza ndicho kinachoua miche.

Mleta uzi
Asanteni sana. Kijito kipo chini ya shamba, mzee. Ila tumeambiwa mwenyekiti wa kijiji atasaini kwa niaba yetu wote. Hiyo imekaaje?

Mnyalukolo
Haijakaa. Shamba la mzee, saini ya mzee. Mwenyekiti awe shahidi. Na mdai nakala ya Kiswahili muisome nyumbani kabla ya siku ya kusaini, siyo mnagawiwa palepale mkutanoni pamoja na soda.