Picha za darubini ya angani James Webb za galaksi yetu: wewe zilikugusaje? Tupeane uzoefu

Mwl_Kondoa: Wakuu, nimekutana tena na picha ya Sagittarius C, eneo zinapozaliwa nyota karibu na kitovu cha galaksi yetu. Nyota zipatazo 500,000 kwenye picha moja! Mwaka 2022 niliwaonyesha wanafunzi ile ya Carina, wingu la gesi na vumbi, binti mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa Mungu anakaa wapi?" Mzazi akaja kunishtaki kwa mkuu wa shule kwamba napotosha watoto. Wewe yalikukuta yapi?

Kisiki: Mimi nililia, sioni aibu kusema.

FundiRedio: Mnalilia rangi za kuwekwa. Ile darubini inanasa infraredi, aina ya mwanga ambao jicho la mtu haliuoni.

BintiTanga: Kaka, zinawekwa kwa utaratibu. Mawimbi mafupi yanapewa bluu, marefu nyekundu. Bila infraredi pale usingeona kitu, vumbi limeziba.

FundiRedio: Na Étienne Klein, yule mwanafizikia wa Ufaransa, je? 2022 hiyohiyo aliposti kipande cha soseji akasema ni picha ya James Webb ya nyota Proxima Centauri, watu wakameza. Akaja kuomba radhi. Siamini upesi.

Mtu_wa_Kilindoni: Mwalimu, umenitonesha. Tulitoka kisiwani Mafia kwa boti kwenda Nyamisati, Julai, kusi limechachamaa, mashine ikazima katikati ya mkondo usiku. Maji yanaingia, tunayafua kwa madumu yaliyokatwa. Mama mmoja kamfunga mwanawe kifuani kwa kanga, anasoma Yasini kwa sauti, kila wimbi likipiga sauti inakatika. Hapo nilijua tumekwisha. Nahodha, mzee wa makamo, akatweka turubai, akasema, "Msalaba wa Kusini ukae bega la kushoto, bara iko mbele." Huku Njia Nyeupe, ndiyo galaksi yetu, imetanda juu yetu kama moshi. Nyota za huo Msalaba zilipokaribia kuzama tukaona taa za bara. Sasa nasoma kwamba kitovu chenyewe, mwendo wa nuru wa miaka kama 26,000 kutoka hapa, ndicho kilikuwa utosini mwetu saa zile. Simu ilinitetemeka mkononi.

Kisiki: Subhanallah. Na mtoto?

Mtu_wa_Kilindoni: Mzima. Anasoma sasa.

Dereva_Moro: Poleni sana. Mwenye picha ya galaksi yetu nzima anirushie, ile yenye mshale "uko hapa".

BintiTanga: Huo ni mchoro, mkuu. Sisi tumo ndani ya galaksi, hakuna chombo kilichowahi kutoka nje kikaipiga picha. James Webb yenyewe iko kilomita milioni 1.5 tu kutoka duniani.

Dereva_Moro: Basi miaka yote nimedanganywa na kalenda ya ukutani!

MamaShani: Mwalimu, ukionyesha tena anza kwa sala, wazazi watatulia.

FundiRedio: Asianze kwa sala, aanze kwa kueleza rangi.

Kisiki: Awaite wazazi wenyewe waje watazame, na chai iwepo.

Dereva_Moro: Kwa macho hiyo Njia Nyeupe inaonekana Dar?

Mtu_wa_Kilindoni: Dar taa nyingi. Nenda Mafia Julai, usiku usio na mbalamwezi, tazama utosini saa nne. Ila boti ukague mashine kwanza.