Ndugu yangu anaona kivuli kwa jicho, CD4 (seli za kinga) iko 38, tungoje kliniki ama?

Hamjambo wadau, naomba ushauri haraka. Ndugu yangu mdogo tunaishi naye Kayole, alipatikana na HIV akiwa amekonda vibaya, ameanza ARV juzi juzi tu. Alikuwa anaona vidoti vyeusi vinaelea, wakampima macho wakasema ni kirusi kinaitwa CMV kimeshika retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, akapewa tembe, pakiti imeandikwa valganciclovir. Sasa tangu jana jioni anasema kuna kivuli kinapanda kutoka chini, jicho la kushoto. Leo nimemwambia azibe la kulia aangalie sahani, sukuma wiki iliyo upande wa juu anaiona, ugali ulio karibu na yeye haoni kabisa. Hasikii uchungu na jicho si jekundu. Mama anasema ni ARV zimemharibu, anataka aziache. Kliniki ni wiki ijayo.

Kamau_Umoja: Pole sana bro. Si ujaribu dropu za chemist kwanza?

Sista_Wadi: Dropu hapana, hazifiki huko nyuma. Mimi ni nesi, nisikize, hiyo inakaa retina inabanduka. CMV hushambulia sana CD4 ikishuka chini ya 50, inakula retina inabaki nyembamba na matundu, maji ya ndani ya jicho yanapenya nyuma yake yanaiinua. Picha hufika kwa retina ikiwa imepinduka, kwa hivyo kivuli kikiwa chini ujue ni sehemu ya juu imeachia, na hiyo hushuka haraka. Ikifika katikati, pale tunasomea na kutambua sura, kurudisha macho inakuwa ngumu. Uchungu hamna ndio maana watu hukaa tu nyumbani. Mpelekeni LEO mahali kuna daktari wa retina, jaribuni hospitali kama KNH (Kenyatta), ya macho kule Kikuyu ama Lions kule Loresho, mpige simu kwanza mjue nani yuko. ARV asiache, wala hizo tembe. Kinga ikianza kurudi jicho linaweza kufura ndani, lakini hiyo daktari anaitibu.

Baba Tony: Mimi nilifanyiwa operesheni, walitoa ute wakajaza mafuta ya silikoni kushikilia retina, nikaambiwa nilale kifudifudi, miwani nayo ikabadilika kabisa. Sioni kama zamani lakini natembea mwenyewe. Mwambie daktari aangalie na la kulia, langu la pili lilikuwa limeshaanza na sikuwa nasikia kitu.

Mwenye uzi: Asanteni sana, mama amekubali, tunatafuta gari saa hii.

Sista_Wadi: Bebeni kadi ya kliniki na dawa zote. Na mkifika msiseme tu macho yanamsumbua, semeni ana CMV na ameanza kuona kivuli tangu jana.